Mgongo wa mama mmoja hautoshi: mwongozo wa majirani wa kuwasaidia watoto na vijana wenye ulemavu, Bukavu

Anayeijua Cimpunda, mtaa wetu wa mlimani, anazijua ngazi zetu. Udongo mwekundu umechongwa kwa jembe, gunia la mchanga hapa, kipande cha tairi pale, na mvua ikinyesha zote zinakuwa utelezi. Mtoto wa miaka 9 asiyetembea, mwenye kilo 22, anapandishwa na kuteremshwa humo mgongoni mwa mama yake. Nyumba moja tulihesabu: chooni mara tatu kwa siku, kuota jua mara moja, kanisani Jumapili, kituo cha afya kila akikohoa. Mama yule alikuwa akitembea ameinama hata asipobeba kitu.

Tulipoanza kikundi chetu cha majirani tulidhani kazi ni kutafuta wafadhili. Tulizunguka na barua miezi mingi kabla ya kuona kwamba kazi ya kwanza ni ule mgongo: kuupunguzia, kuupumzisha, kuugawia wengine. Mwongozo huu ni wa watu wa avenyu moja, yaani njia moja na nyumba zake. Unahitaji mama wanne au watano wenye moyo, kijana mwenye nguvu, fundi mbao, reko (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kituo cha afya, na daftari. Tumeufuata Kadutu, komine yetu hapa mjini, kwenye mlima. Aliye Bagira, Panzi au Goma kwenye mawe ya volkano atabadilisha kidogo njia, lakini si mpangilio wa kazi.

Hatua ya kwanza: kuzijua nyumba

Ukiuliza mlangoni "Hapa kuna kilema?" utajibiwa hapana, na utakuwa umeshatukana. Uliza maisha. Yapo maswali sita yanayotumiwa katika sensa za nchi nyingi, yanayoitwa maswali ya Kundi la Washington: je, kuna mtu hapa mwenye shida ya kuona hata akivaa miwani? Ya kusikia? Ya kutembea au kupanda ngazi? Ya kukumbuka au kutuliza akili? Ya kuoga au kuvaa mwenyewe? Ya kuelewa wenzake na kueleweka? Kila swali lina majibu manne: hakuna shida, shida kidogo, shida kubwa, hawezi kabisa. Neno ulemavu halitajwi hata mara moja, ndiyo maana watu wanajibu. Kwa wadogo sisi huongeza yetu: kuna mtoto ambaye wenzake wanatembea na yeye bado? Kuna aliyefika umri wa shule na hajaenda? Kuna anayeanguka na kutetemeka?

Mjulishe kwanza shefu wa avenyu, asije akasikia kwa watu. Nendeni wawili, na mmoja awe mama anayefahamika pale. Siku ya kwanza msitoe daftari. Picha msipige kabisa, na ahadi msitoe. Familia nyingi hapa zimeshapigwa picha na wageni, zikaandikwa majina, zikasubiri mpaka zikachoka.

Nyumba moja ilitujibu "hakuna" mara tatu. Mara ya nne mvua ilitukuta mlangoni, tukaingizwa ndani, na nyuma ya pazia tukasikia sauti ya mtoto. Mama akakaa kimya, halafu akasema: "Mama, ni huyu tu. Nilifikiri mnakuja kunicheka." Binti alikuwa na miaka 12, na majirani wa mlango wa pili hawakujua kama yupo.

Mtasikia pia maneno ya sumu, ya laana ya ukoo, ya mama aliyekula kitu kibaya, na mara nyingine ya uchawi wa mtoto mwenyewe. Msibishane kwa hasira, elezeni sababu. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, aliyepata manjano makali wiki ya kwanza, aliyeugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, ubongo wake unaweza kuumia sehemu inayoongoza misuli. Huo ndio mtindio wa ubongo, na hauambukizi mtu. Panapohitajika ukali, tajeni sheria: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemtesa mtoto kwa kumsingizia uchawi. Wachungaji wengi wakielezwa wanaelewa. Sisi huwaambia: baba mchungaji, tuombee sana, ila dawa isikatwe, na mtoto asifungishwe chakula.

Hatua ya pili: kukaa siku nzima

Kabla ya kuleta msaada wowote, mmoja wenu akae na mama yule tangu asubuhi mpaka jioni. Asaidie kupeta maharagi huku akitazama. Mtoto analishwa vipi, analala wapi, anaogeshwa na nani, anacheka kwa nini. Kisha aulize swali moja: "Mama, ni saa gani ya siku inayokulemea zaidi?" Majibu yanashangaza. Tulitegemea kusikia usiku. Mama mmoja alisema saa kumi jioni, saa ya kwenda kuchota maji, kwa sababu humfungia mtoto ndani na kukimbia, na njia nzima anawaza moto. Ukijua saa hiyo, umejua pa kuanzia.

Hapo ndipo zamu inaanza. Majirani wawili, siku mbili kwa wiki, saa ile ile. Anayewafundisha namna ya kumshika mtoto ni mama yake, maana yeye ndiye fundi, sisi ni wanafunzi wake. Msiongeze watu wengi upesi. Mtoto mwenye mtindio hukakamaa akishikwa na mikono asiyoijua. Na baba atafutwe. Wengine wameondoka, wengine wapo lakini wanaona aibu kuonekana wamebeba mtoto. Kumpa baba kazi ya wazi, kwa mfano kushika misumari siku ya kutengeneza kiti, kumesaidia kuliko hotuba zetu zote.

Hatua ya tatu: yasiyongoja

Baadhi ya mambo yana dirisha la muda, na dirisha likifungwa linafungwa kweli. Reko ayajue kwa kichwa.

Mtoto aliyezaliwa na nyayo zimepindia ndani apelekwe wiki za kwanza. Matibabu ya Ponseti ni plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, mara nyingi na mkato mdogo kwenye kano ya kisigino, kisha viatu vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baadaye usiku tu mpaka miaka minne au mitano. Plasta watu huzimaliza. Viatu ndivyo huachwa, kwa sababu mtoto analia na bibi anasema muachieni apumue. Miguu inarudi ilivyokuwa. Jirani apite kila jioni wiki mbili za kwanza kusaidia kuvifunga.

Kichwa kinachokua haraka kuliko mwili, macho yanayotazama chini kama jua linalozama, kutapika: hospitali kubwa upesi, maana maji yanabana ubongo. Aliyekwisha kuwekewa mrija wa kuyatoa maji hayo, akipata homa, usingizi usio wa kawaida au kutapika, arudi siku hiyo hiyo. Mboni ya jicho iliyo nyeupe kwa mtoto mchanga nayo haingoji. Mtoto wa mgongo wazi, aliyezaliwa mifupa ya uti wa mgongo haijafunga, mara nyingi hasikii maumivu miguuni, kwa hiyo asikalishwe kamwe karibu na mbabula (jiko la makaa), na ngozi yake itazamwe kila jioni, makalioni na visiginoni. Mama yake, kabla ya kubeba mimba nyingine, amuone daktari kuhusu asidi foliki, kwa kuwa kipimo chake ni kikubwa kuliko cha wengine.

Kifafa nakieleza zaidi kwa sababu ndicho kinachoogopwa zaidi. Mate hayaambukizi. Mtu akianguka, sogeza mawe na moto, mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize, usimnyweshe kitu mpaka azinduke. Degedege likizidi dakika tano, au likija la pili kabla hajapata fahamu, ni hospitali. Dawa kama fenobarbital humezwa kila siku hata mwezi mzima ukipita bila kuanguka. Kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Na msichana aliyefikia umri wa kuzaa amuulize daktari kuhusu dawa anayotumia, kwa sababu valproati inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mbabula wa nyumba yenye mwenye kifafa tunauinua juu ya meza ya matofali. Tumeona mikono iliyoungua. Matofali manane yanatosha.

Kwa viungo bandia, magongo, mazoezi ya viungo na viti, mjini watu wanakijua kituo cha Heri Kwetu. Goma kuna Shirika la Umoja. Nendeni na mama, msimtume peke yake. Mmoja asikilize maelezo na kuyaandika, mwingine amshike mtoto.

Hatua ya nne: kijiko na kiti

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watoto wetu wengi hupotea kimya kimya, na hapa ndipo jirani asiye na diploma anaweza kufanya jambo kubwa.

Asubuhi moja nilimkuta mama akimlisha mtoto wa miaka minne. Alikuwa amemlaza chali mapajani, kichwa kimening'inia nyuma ya kiwiko, uji mwepesi ukimiminwa kwa kikombe. Mtoto anameza, anakohoa, machozi yanamtoka, kifua kinakoroma kama maji kwenye mtungi. Mama alidhani ni kikohozi cha siku zote. Uji ulikuwa unaingia kwenye mapafu. Watoto wa namna hii ndio wanaolazwa kwa nimonia kila baada ya wiki chache, na watu husema ugonjwa wake umeamka.

Tulimwinua. Makalio yakakaa nyuma kabisa kwenye kona ya ukuta, mito miwili ya nguo kuukuu kila upande, magoti yamekunjwa, nyayo kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kichwa kikaja mbele kidogo, kidevu kimeshuka. Mama akakaa mbele yake, chini kidogo ya macho yake. Uji tukauongeza unga mpaka ukakataa kumwagika kwenye kijiko. Kijiko kidogo, kinatoka mbele na chini, kinagusa ulimi katikati, kinasubiri midomo ifunge. Akameza. Tukasubiri. Akameza mara ya pili mate yake. Kijiko kingine. Hakukohoa. Ilichukua dakika arobaini na mama alikuwa akimtazama kama anamwona mara ya kwanza.

Shikeni haya: kamwe asilishwe amelala au kichwa kimerudi nyuma. Asilishwe akilia au akicheka sana. Akimaliza abaki wima nusu saa. Sauti yenye maji baada ya kumeza, kukohoa kila mlo, na kifua cha mara kwa mara ni dalili za kumpeleka kwa wataalamu. Chakula kiwe kidogo lakini kizito kwa nguvu: uji wa mahindi na soya, kijiko cha mawese, sambaza (samaki wadogo wa ziwani) zilizokaushwa na kusagwa unga, parachichi lililopondwa. Reko apime mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe kila mwezi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na asiambiwe na mtu yeyote kwamba wembamba ni sehemu ya ulemavu wake. Ni njaa, na inatibika.

Kona ya ukuta ni ya kuanzia. Baadaye fundi atengeneze kiti. Mtoto akae, wawili wamshike, wa tatu apime kwa kamba: kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, kisha punguza vidole viwili, kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino, upana wa nyonga, ongeza kidole kila upande, kutoka kwenye kiti mpaka kwapani, na kimo cha kiwiko kwa ajili ya meza ndogo ya mbele. Mgongo wa kiti uwe wima. Ubao wa miguu lazima uwepo, kwani miguu inayoning'inia hukakamaza mwili mzima. Kama mapaja yanajikunja kama mkasi, fundi aweke kigingi kilichofungwa kitambaa kati ya magoti. Mshipi wa kikwembe (kitenge) upite juu ya mapaja, pale nyonga inapokunjika, usipite tumboni. Mbao ikikosekana, karatasi ngumu za makatoni zikipakwa gundi ya unga wa mihogo tabaka juu ya tabaka na kukaushwa juani zinageuka ngumu kiasi cha kumbeba mtoto mdogo, ila zisinyeshewe.

Mara za kwanza dakika ishirini zinatosha. Mkimtoa, tazameni ngozi. Alama nyekundu isiyofifia baada ya nusu saa inamaanisha kiti kinambana, kirudi kwa fundi. Asiachwe ndani ya kiti siku nzima. Kila saa mbili abadilishwe, ubavu, tumbo juu ya mto, mgongoni kwa mtu. Mgongoni nako kuna namna. Kikwembe kinachoacha miguu imepanuka kukumbatia kiuno kinamsaidia, wakati kumlaza mikononi kama mtoto mchanga kunazidisha kukakamaa. Ukitaka kumwinua kutoka chini, mgeuze ubavu, mkunje nyonga kwanza, ndipo umlete kifuani. Utashangaa alivyo mwepesi.

Hatua ya tano: mlima

Miaka iliyopita tuliletewa kiti cha magurudumu, kizuri, kipya. Kilikuwa cha mtu mzima. Mtoto alizama ndani yake, mgongo ukapinda, na hakikuweza kupanda hata ngazi moja ya kwetu. Mwisho wake kilianikiwa nguo. Sijui kama aliyekituma aliwahi kuambiwa. Tangu siku hiyo tunakataa kiti kisichopimwa, hata kama kinatolewa bure na kwa roho nzuri.

Kanuni ya mteremko ni urefu mara kumi na mbili ya kimo: kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji njia ya mita 1.8. Kwenye kanisa au shule iliyo tambarare mnaweza kuijenga kwa siku moja ya salongo, kazi ya pamoja ya majirani. Kwenye mlima wetu haiwezekani, na msipoteze simenti kujaribu. Tulichofanya ni hiki: kiti cha magurudumu kinalala chini, kwa jirani wa barabarani, ndani ya nyumba yake. Mtoto anateremshwa kwa kipoyi, kama kile walichobebewa wakubwa wa wakoloni enzi za babu zetu: miti miwili ya mianzi, ubao wa kukalia wenye mgongo, ubao wa miguu, mshipi. Vijana wawili mbele na nyuma, wanne njia ikiwa na tope. Kutoka nyumbani mpaka barabarani dakika saba, na mama anashuka mikono mitupu, ameshika mwavuli. Siku ya kwanza avenyu nzima ilitoka kutazama. Mtoto alikuwa akipunga mkono.

Chooni panahitaji vitu viwili tu: mti wa kushikilia uliozikwa vizuri, na kiti cha mbao kilichotobolewa katikati.

Hatua ya sita: karatasi na shule

Mtoto huandikishwa kwa ofisi ya komine bila malipo ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo inabidi kupitia mahakama, na hiyo ni gharama na safari nyingi. Sanduku la kikundi lisaidie. Wengi wa watoto hawa hawana karatasi kwa sababu nyumbani walidhani hawataishi. Fanyeni mapema, kwa maana shule, hospitali na baadaye kadi ya mchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho chetu, vyote vinaanzia pale.

Shuleni msiende Septemba. Darasa limeshajaa na direkta ana vichwa themanini mbele yake. Nendeni Agosti, kwa utulivu, mama akiwemo na mtoto mwenyewe akiwemo, amevaa vizuri. Shule moja ilitukatalia mtoto mwenye akili timamu kwa sababu anatokwa mate. Tulirudi mara ya pili na shefu wa kartie, yaani wa mtaa mzima, na nakala mbili: Katiba, kifungu cha 49, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya ulinzi na ustawi wa mtu mwenye ulemavu. Hatukugombana. Tulimwomba mwalimu ampe majaribio ya wiki mbili. Mtoto yuko darasa la nne sasa. Masomo ya msingi kwenye shule za serikali hayalipiwi tangu 2019, kwa hiyo kinachobaki ni njia: makubaliano ya wiki na motari (dereva wa pikipiki) mmoja, yule yule, anayejulikana na kikundi.

Ombeni vitu vidogo vinavyotekelezeka. Darasa la chini. Benchi la mbele kwa mwenye ualbino, karibu na ubao na mbali na dirisha lenye jua, na ruhusa ya kuvaa kofia na mikono mirefu uwanjani. Ruhusa ya kwenda chooni bila kunyoosha mkono. Mwenzake mmoja wa kumfungulia begi.

Kwa kiziwi nina msimamo ambao si wote katika kikundi wanaukubali. Kumkalisha darasani ambamo hakuna mtu anayejua lugha ya alama ni kumfundisha kunyamaza. Bora safari ndefu zaidi mpaka kwenye shule ya viziwi. Na nyumbani wote wajifunze alama naye, hata kama ni ishirini za kuanzia: maji, njaa, inauma, nani, wapi, nakupenda.

Hatua ya saba: wakishakua

Watu huwapenda watoto wenye ulemavu, kisha wanapotoa ndevu au matiti wanawasahau. Kijana wa miaka 19 bado anaitwa "mtoto yule". Anzeni kwa kumuuliza yeye, si mama yake, anataka kufanya nini. Sisi tuliwapeleka watatu kwenye ushonaji kwa sababu ndiko kila mtu anakopelekwa, wawili waliacha. Mmoja wao sasa anauza makala (makaa) kwa vipimo vidogo na kuchaji simu pale njia panda, na anajua hesabu ya kila mtu. Tazameni avenyu inanunua nini kila siku, mkimtafutia kazi pale pale miguu au magurudumu yake yanapofika.

Mwenye akili inayokwenda polepole anafanya kazi vizuri ikigawanywa. Mwanagenzi wetu kwa fundi mbao alifundishwa kupiga msasa peke yake mwezi mzima, kisha kupaka gundi, kisha kubana. Malipo anapewa mkononi mwake mwenyewe, hata yakiwa faranga 1,000, mbele ya shahidi. Na aingizwe likelemba, mchango wa kupokezana, kama mtu mwingine yeyote, zamu yake ikifika apokee yeye.

Msichana afundishwe hedhi kabla haijaanza, kwa mfano wa kitambaa na kalenda, mara nyingi na polepole. Apewe pazia la kuogea. Anayehitaji kusaidiwa kuoga asaidiwe na mtu aliyemchagua, wala si kila mwanamke anayepita.

Nasema sasa jambo zito. Asiyeweza kukimbia wala kueleza ndiye anayewindwa, na mara nyingi na mtu wa karibu. Kwenye kikundi hakuna anayebaki peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa, nami nikiwemo. Mabadiliko ya ghafla, kuogopa mtu mmoja, kukataa kuogeshwa, damu kwenye nguo: muaminini bila kungoja maneno. Hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haifanyi kazi zaidi ya hapo, na mapema ni bora. Asiogeshwe kwanza. Nguo ziwekwe kwenye karatasi, zisiwekwe kwenye mfuko wa plastiki. Hospitali ya Panzi wanapokea wahanga na wanajua kazi hiyo. Mbuzi au pesa zinazoletwa na familia ya mkosaji hazifuti kosa mbele ya sheria ya mwaka 2006 ya ukatili wa kingono, na mzee yeyote anayekuja kupatanisha aambiwe hivyo mlangoni.

Hatua ya nane: siku ya mbio

Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, kila nyumba ilijiuliza nani anabeba nani. Moto wa nyumba za mbao nao hauna taarifa, wala maporomoko ya udongo ya Aprili. Kwa hiyo karatasi moja ibandikwe ndani ya mlango wa kila nyumba yenye mtoto asiyetembea: majina ya wabebaji wawili wa kwanza na wawili wa akiba, na mahali pa kukutana. Wabebaji wasiwe wazazi wa watoto wadogo, kwa sababu siku hiyo kila mtu hushika wake.

Nyuma ya mlango huo huo uning'inizwe mfuko: dawa za wiki mbili, nakala ya karatasi ya kuzaliwa, kikwembe cha kubebea, unga wa uji uliokwisha changanywa, chupa ya maji, kijiko chake. Shingoni kwa asiyesema, kibandiko kilichoshonwa chenye jina lake, la mama yake na namba ya simu. Kiziwi akubaliane na familia ishara moja ya hatari, kwetu ni kushikwa bega mara mbili kwa nguvu. Asiyeona azoezwe njia mpaka barabarani kwa miguu yake na fimbo yake, mchana na usiku.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunafanya jaribio. Kijana mmoja anapiga sufuria, wabebaji wanakimbia kwenye milango yao, kipoyi kinatoka, mfuko unakaguliwa. Dawa zilizokwisha muda zinabadilishwa hapo hapo, mianzi iliyoliwa na mchwa inatolewa, na aliyehama avenyu jina lake linafutwa kwenye karatasi na kuandikwa la mwingine.